Bonsai niliyopewa inapukutisha majani, nifanyeje? (na maswali mengine ya mgeni wa mimea)

Chipukizi_Mpya

Wakuu, salaam. Mimi ni mgeni kabisa wa mambo ya mimea ya ndani, naomba mnivumilie.

Nimepewa zawadi ya bonsai, yaani kamti kafupi ka kwenye chungu. Kwenye kikaratasi wameandika "fikasi", hakuna maelezo mengine. Shina limepinda kama herufi S, kimo chake sentimita 40 hivi. Iko kwenye chungu cha kauri kifupi, na juu ya udongo kuna kokoto nyeupe zilizogandishwa kwa gundi, ukizigusa hazisogei. Nimeiweka kwenye rafu ya vitabu sebuleni. Tangu wiki iliyopita inaangusha majani, mengine ya njano, mengine bado ya kijani kabisa. Asubuhi naipa kikombe cha maji, jioni napulizia majani.

Pembeni nina pothosi (ule mmea wa ndani unaotambaa) ambayo majani ya chini yanageuka njano, na Sansevieria (yenye majani marefu yaliyosimama kama panga) ambayo ni nzima kabisa, japo hiyo ndiyo ninayoisahau kuliko zote.

Je, mti unakufa? Nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Nimeona mtandaoni wanauza mbegu za bonsai, sasa si bora nianze upya na mbegu kuliko kuhangaika na huu? Na ni kweli mimea hii inasafisha hewa ya chumbani? Hiyo ndiyo hoja ninayotaka kuitumia nyumbani nipewe nafasi ya dirishani, maana kwa sasa pana meza ya kupigia pasi.

Bi_Majani

Pole mwanangu. Fikasi, huo mti wa jamii ya mkuyu, ikihamishwa hupukutisha, ndiyo tabia yake, itatulia. Usimwagilie kila siku, mara mbili kwa wiki inatosha. Na ukibadilisha chungu, tanguliza kokoto chini ili maji yatoke vizuri. Pothosi nyofoa hayo majani ya njano, basi.

Mpogoaji

Bi Majani, shikamoo. Kwenye tabia ya fikasi tuko pamoja. Kwenye hayo mengine mawili nitakupinga kidogo, uniwie radhi.

Chipukizi, kabla ya lolote, chukua kitawi kilichobaki uchi ukwaruze gome lake kwa ukucha, milimita mbili tatu tu. Ukikuta kijani kibichi, na utomvu mweupe ukachuruzika, hapo pana uhai. Ukikuta kahawia kavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, hivyo hivyo hadi ufike penye kijani. Fikasi inaweza kuchipua hata kwenye shina kuukuu lisilo na jani hata moja, kwa hiyo usiitupe eti kwa kuwa imebaki kipara.

Sasa maji. Jani la kijani kuanguka siku chache baada ya mti kuhamishwa ni jambo la kawaida, mwanga umebadilika na mti unapunguza mzigo. Jani la njano kuanguka huku udongo umelowa ni habari nyingine. Wewe una yote mawili.

Hili la "mara ngapi kwa wiki" halijibiki. Chumba chenye jua na upepo hukausha chungu kidogo kwa siku moja, na chungu hicho hicho kwenye kona ya giza hubaki kimelowa wiki nzima. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Nafasi zote za hewa kwenye udongo zikijaa maji, mizizi inakosa pumzi, inakufa, inaoza. Mzizi uliooza haunywi, kwa hiyo mti unanyauka huku umesimama ndani ya maji. Mwenye mti anaona mnyauko, anasema una kiu, anaongeza. Hapo ndipo mgonjwa anapomaliziwa.

Tafuta kijiti cha mbao kisichopakwa rangi. Kichomeke taratibu hadi karibu na sakafu ya chungu, kiache dakika 10, kisha ukichomoe. Kikiwa cheusi na cha baridi ukikiweka shavuni, kaa mbali na kikombe chako. Kikitoka kikavu kuanzia katikati kwenda juu, mwagilia. Baada ya muda hutakihitaji, utakuwa unainua chungu tu na mkono unakwambia. Na ukimwagilia, mwagilia kweli, polepole, hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha umwage yaliyotuama kwenye kisahani. Kikombe kimoja kila asubuhi kinalowesha upande mmoja na kuuacha mwingine, ndiyo maana unaweza kuta udongo una matope huku na vumbi kule.

Zile kokoto zenye gundi ziondoe leo. Wanazigandisha zisimwagike wakati wa kusafirisha. Zikishafika nyumbani kwako hazina kazi yoyote, zinakuzuia kuona udongo na kuugusa, na maji yanateleza juu yake hadi ukingoni bila kuingia katikati. Loweka chungu kwenye beseni nusu saa, gundi nyingi hulainika, kisha bandua kwa bisibisi bapa. Ikigoma, vunja vipande vipande kwa koleo, ila angalia usichubue shina.

Kuhusu kokoto za chini: Bi Majani, sote tulifundishwa hivyo, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto kubwa. Yanasimama pale zinapokutana, udongo ukishajaa pomoni ndipo yanapodondoka. Kwa hiyo chungu kinabaki na tabaka la udongo uliolowa kama kawaida, ila sasa limepandishwa juu, karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni matundu yenye kipande cha wavu, na udongo wenyewe kuwa wa punje.

Mwanga nimeuacha mwisho, na pengine ndio ungetangulia. Rafu ya vitabu ni mahali pa vitabu. Macho yetu yanatudanganya, yanajirekebisha, tunaona sebule ina mwanga wa kutosha. Jua la adhuhuri nje hufika luksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, wakati katikati ya chumba mara nyingi huzipati hata 500. Simu nyingi zina programu ya kupima, si sahihi sana lakini itakushtua. Kama huna, nyoosha mkono juu ya mmea mchana, kama sentimita 30 kutoka kwenye majani. Kivuli chenye kingo kali maana yake mwanga ni mwingi. Kivuli hafifu, pothosi na Sansevieria wataishi. Usipoona kivuli chochote, hapo weka picha ukutani.

Fikasi iwe dirishani kabisa, jua la asubuhi liipige, na ikishazoea hata zaidi ya hapo. Meza ya pasi ihame.

Mbegu: bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida unaofupishwa kwa kupogolewa, kufungwa waya na kupunguzwa mizizi kwenye chungu kidogo. Ile pakiti yenye picha ya mti wa maua ya zambarau ina mbegu za mti wa kawaida, ukizipanda ardhini zitakupa mti wa kawaida wa kukalia kivulini. Kuanza na mbegu kunawezekana, wapo wanaopenda, lakini utakaa miaka mingi unatazama mche mwembamba ambao hauna cha kupogoa.

Na hewa. Habari hiyo chimbuko lake ni utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambapo mimea iliwekwa kwenye masanduku madogo yaliyofungwa. Kweli kemikali zilipungua, lakini nyumba yako si sanduku, hewa inaingia na kutoka. Mwaka 2019 watafiti wawili walikusanya tafiti za namna hiyo wakapiga hesabu upya, wakakuta ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila meta moja ya mraba ili ilingane na hewa inayojibadilisha yenyewe ndani ya jengo. Kwa hiyo mwambie wa nyumbani ukweli, kwamba unaipenda. Hoja hiyo ina nguvu zaidi.

Bi_Majani

Marahaba. Hilo la kokoto nimelisoma mara mbili, bado zangu haziozi. Ila mimi vyungu vyangu ni vya udongo wa kufinyanga, labda ndiyo maana.

Mpogoaji

Ndiyo hasa. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi kinapumua pembeni na kukausha haraka. Na una mkono wa miaka, hujui tu kwamba unainua chungu kabla ya kumwagilia.

Kona_ya_Kijani

Mkuu Mpogoaji, mgeni ameuliza maji wewe umempa shahada. Halafu hujagusa suala la kupulizia majani. Fikasi ni mti wa nchi zenye unyevu, mimi zangu napulizia kila siku na zimetoa hadi mizizi ya angani. Usimkatishe tamaa.

Pia mimi nina mreteni (juniper) wa bonsai ndani, miezi miwili sasa, kijani kibichi, simwagilii sana. Kwa hiyo ndani inawezekana hata kwa miti migumu.

Mpogoaji

Kupulizia hakudhuru, ila unyevu wake unadumu dakika chache tu. Mizizi ya angani inataka hewa yenye unyevu mfululizo, kwa hiyo nadhani chumba chako chenyewe kina unyevunyevu, chupa ya kupulizia inapewa sifa isiyo yake. Anayetaka unyevu na apange mimea yake ikaribiane. Na kwa mti mgonjwa kama huu wa Chipukizi, uvike mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, ufungue kidogo kila siku hewa ibadilike, na usiuache juani ukiwa na mfuko, utapikika.

Mreteni wako, ndugu yangu, mtoe nje leo. Hiyo ni jamii inayotaka jua la moja kwa moja, upepo, na majira ya baridi ya kupumzika. Ubaya wa mreteni ni kwamba hubaki wa kijani wiki kadhaa baada ya kufa. Bana ncha za majani. Zikiwa laini na zinajikunja, bado yuko nasi. Zikiwa kavu na kukatika, ulichonacho ni pambo.

Kona_ya_Kijani

Nimebana. Nyingine zimekatika, nyingine hapana. Nimeutoa kibarazani, naona aibu hata kuuangalia.

Chipukizi_Mpya

Wakuu, nashukuru sana. Nimekwaruza: vitawi vya juu ni vikavu, lakini kuanzia katikati kushuka chini ni kijani na utomvu umetoka mwingi, umenata kwenye vidole. Kokoto zimetoka kwa taabu. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, umelowa chepechepe, na kuna harufu kama ya mtaro.

Nilipoona hivyo nikauchomoa mti mzima kwenye chungu. Mizizi ya nje mingine ni ya kahawia na migumu, lakini ya katikati ukiivuta gome linavuka lote linabaki mkononi, ndani kinabakia kiuzi chembamba. Pia katikati kabisa nimekuta kikapu kidogo cha wavu wa plastiki na mizizi imepenya humo. Sasa mti uko juu ya gazeti na mimi sijui nifanye nini. Nijibuni haraka!

Mpogoaji

Usiuache ukauke. Funika mizizi kwa kitambaa chenye maji sasa hivi, kisha usome.

Mizizi ile inayovuka gome imekufa, ikate yote hadi ufike penye mbichi, utaona kata ni nyeupe au manjano hafifu na inatoa utomvu. Tumia mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Ile migumu ya kahawia ni mizima, usiiguse. Kwa mti wenye afya tungeweza kuondoa hadi theluthi ya mizizi, huu wako umeshaondolewa na maji, wewe ondoa maiti tu.

Kikapu cha wavu ni cha kitaluni, walioteshea kipandikizi humo. Kikate kwa mkasi mdogo, kipande kimoja kimoja. Kama kuna mahali mzizi mnene umepita kwenye tundu, kata wavu pande zote mbili za mzizi, usiuvute. Kipande kitakachogoma kabisa kiache hadi mwaka wa kubadilisha udongo tena.

Udongo: usirudishe ule wa zamani. Unataka punje za milimita 3 hadi 6, ziwe za jiwe jepesi la volkano, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za madini) au hata matofali mekundu yaliyopondwa, changanya na magome yaliyooza au nyuzi za nazi kama robo hivi. Chekecha kwanza, vumbi lote litupe, maana ndilo linaloziba nafasi za hewa. Kwa vile mizizi imebaki michache, mti utayumba, na mti unaoyumba unakata vizizi vyake vipya kila ukiguswa. Pitisha waya kwenye matundu ya chungu kutoka chini, ufunge mizizi minene kwenye sakafu ya chungu hadi ukishika shina, chungu nacho kifuate. Jaza udongo, penyeza kwa kijiti usiache mapango, mwagilia hadi maji yatoke safi.

Kisha mfuko wa plastiki, mahali pa mwanga mwingi bila jua kali. Mbolea hapana, hadi uone majani mapya yamekomaa. Mizizi michache na mbolea kali ni kuunguza kilichobaki. Vitawi vikavu unaweza kukata, na ukikata kwenye uhai utomvu ukatoka, gusa kwa kitambaa chenye maji utaacha. Nawa mikono, unawasha ngozi ya baadhi ya watu. Na kama kuna mtoto au paka anayetafuna, kumbuka pothosi nayo ina chembe kali kama sindano zinazochoma kinywa, itundike juu.

Chipukizi_Mpya

Nimemaliza usiku huu. Matofali nimeponda mwenyewe kwa nyundo, jirani kaja kugonga mlango kuuliza kulikoni. Mti sasa umesimama imara, mfuko umevikwa. Pothosi nimefanya jaribio la kijiti, kimetoka cheusi, nimeacha kuimwagilia.

Swali la mwisho, hata kama ni mapema. Shina ni jembamba, na ile S siipendi, kila mti dukani ulikuwa umepinda hivyo hivyo. Nikiuacha mti kwenye chungu hiki miaka, shina litanenepa? Na waya unafungwaje?

Bi_Majani

Mwanangu, mtu hajatoka wodini unauliza kiatu cha harusi 😂

Mpogoaji

Bi Majani kamaliza. Lakini nijibu, maana mti ukipona utarudi kuuliza tena.

Kwenye chungu kidogo shina halinenepi, au linanenepa kwa kasi usiyoweza kuiona. Watu wengi hudhani chungu cha bonsai ndicho kinachoanzisha bonsai, kumbe ndicho cha mwisho. Shina linajengwa na majani mengi na mizizi iliyo huru. Anayetaka shina nene huuweka mti ardhini au kwenye beseni pana lenye matundu, anaacha tawi moja au mawili ya chini yakimbie yatakavyo, hata meta moja na zaidi, bila kupogoa. Likishanenepa kiasi anachotaka, tawi lile hukatwa na kidonda hufunga taratibu. Wengine huona uchungu kulikata, na hapo ndipo mti unapoharibika umbo.

S yenyewe huwezi kuinyoosha, ila unaweza kuificha. Mti ukishapona, ugeuze uutazame pande zote, mara nyingi kuna upande ambao mpindo unaelekea kwako au nyuma na hauonekani sana. Au subiri uchipue chini ya mpindo wa pili, halafu ukate shina hapo, chipukizi jipya liwe kichwa. Fikasi inakubali. Nyingine nyingi zisingekubali.

Waya ni wa alumini, unene wake kama theluthi ya tawi. Anzia kwenye shina uupe mshiko, zungusha kwa pembe ya nyuzi 45, mizunguko isipandane. Pinda tawi kwa vidole gumba viwili vikisukuma upande wa ndani wa mpindo, vidole vingine na waya vikishikilia upande wa nje, na usikilize. Ukisikia mlio mdogo, simama hapo hapo. Kwenye fikasi inayokua vizuri, kagua kila wiki. Tawi linanenepa haraka, waya unazama kwenye gome, na alama yake ya mzunguko inabaki miaka. Ukianza kuona gome limevimba kidogo pande zote mbili za waya, utoe hata kama tawi halijashika. Ukate vipande kwa koleo, usiufungue kwa kuuzungusha kinyume, ndivyo watu wanavyovunja matawi waliyoyalea.

Kwa kupogoa kwa kawaida, kitawi kikitoa majani sita hadi nane, kata ubakize mawili. Kwenye kila kikonyo kilichobaki kutatoka tawi jipya, na ndivyo mti unavyopata vitawi vingi vifupi.

Mikono ikikuwasha wakati huu wa kusubiri, tafuta Portulacaria afra, kamti ka majani manene madogo. Kwao, kusini mwa Afrika, tembo huula, na ukiona jinsi unavyorudi baada ya hapo utajua mkasi wako haupi shida. Unatunza maji kwenye majani, ukiusahau wiki unasamehe. Kata kitawi, kiache kivulini siku chache kidonda kikauke, kichomeke kwenye punje hizo hizo za matofali, na usimwagilie hadi ukikivuta kidogo kikatae kutoka. Huo ndio ujifunzie kupogoa na waya.

Kona_ya_Kijani

Na waridi la jangwani? Nalo wanalifanya bonsai, nene kama chupa.

Mpogoaji

Ni zuri, lakini unene wa shina lake ni ghala la maji, kwa hiyo likimwagiliwa kama fikasi linaoza kuanzia chini na ukigundua limeshalainika. Jua kali, udongo wa mchanga mkubwa, likilala na kudondosha majani acha karibu kabisa kulimwagilia. Utomvu wake ni sumu ya moyo, watu wa kale waliupaka kwenye mishale ya kuwindia, kwa hiyo glavu uvae na mkasi uoshwe. Mgeni asianzie hapo.

Chipukizi_Mpya

Wakuu, mfuko una matone ndani na kwenye shina, chini kidogo ya mpindo wa juu, kuna vidoti viwili vyekundu kama vichunusi. Ni wadudu? Nivikwangue?

Mpogoaji

Acha mikono mbali! Ni machipukizi. Wadudu wa magamba ukiwasukuma kwa kucha hubanduka, na mara nyingi huacha kitu cha kunata kwenye majani ya chini yao. Hivyo vimetoka ndani ya gome. Anza kufungua mfuko muda mrefu zaidi kila siku, na usiuzungushe mti kila saa kuviangalia, vitageukia dirishani vyenyewe.

Chipukizi_Mpya

Sawa mkuu. Meza ya pasi imehamia chumbani.